Kitabu Kisichohifadhika

Wenzangu mliobaki darasani mmeniandama tangu siku ya kuniaga niwaandikie jinsi nilivyokuwa nikichagua vitabu vya kiada. Habari za vyeo na mshahara mtanisamehe. Vyote viwili vilikuwa vidogo na havina hadithi ya kumkalisha mtu kitini. Nitaandika habari za kitabu kimoja, cha somo moja, na za mwanafunzi mmoja aliyenigombeza kwa ajili yake. Somo lenyewe ni uchambuzi wa namba halisi. Kwa asiyelijua, ni somo linalochukua hesabu ulizozifanya kwa kujiamini tangu utotoni, kisha likakuuliza una hakika gani kwamba ndivyo zilivyo.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini, katika kituo cha masomo kilichokuwa ghorofani, nyuma ya mtaa wa Kuze, Mji wa Kale, Mombasa. Wanafunzi wetu walikuwa watu wazima, walimu na makarani, waliokuwa wakisomea digrii wakiwa makwao. Chuo kikuu chenyewe kilikuwa bara. Mitihani ikija kwa basi na majibu yakirudi kwa basi, na kazi yetu sisi wa kituoni ilikuwa kuwashika mkono kila Jumamosi baada ya alasiri, chini ya feni iliyozunguka ilipojisikia.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kazi na Bwana Mwakio, Mtaita mrefu mkavu aliyekuwa akiondoka kwenda kulima kwao. Alinipa ufunguo wa kabati, dasta, na kitabu chembamba chenye jalada la kijani.

"Kijana, hiki ndicho," akaniambia. "Hakina porojo. Kila neno limelipiwa nauli."

"Na wanafunzi wanakipenda?"

"Kaa nyuma pale uwasikilize."

Nikakaa nyuma. Bwana Mwakio akataja namba ya ukurasa, na mwanamke mmoja mwenye buibui akasimama. Huyo alikuwa Bi Rukia, mwalimu wa hesabu katika shule moja ya wasichana, mzaliwa wa Kuze, wa ukoo uliosomesha watoto wa mtaa Qurani toka kwa babu wa babu. Hakushika kitabu. Alitazama ukuta, akavuta pumzi, akausoma uthibitisho mzima kwa moyo, kwa Kiingereza cha mwandishi, akitua kila palipo nukta na kuvuta kidogo kila palipo mkato, kama anayesoma mbele ya maalim wake. Hakukosea hata herufi. Mimi ni mtu wa Rabai, nililelewa kwenye shule ya misheni ambako tulihifadhi aya moja kwa wiki na kuisahau Jumatatu. Nilishangaa kwa dhati. Wenzake wakafuata mmoja mmoja, na wengi wao hawakuwa mbali naye.

Jioni hiyo nilirudi nyumbani nikijiona nimerithi darasa la dhahabu. Wiki iliyofuata nikayafungua matokeo ya miaka iliyopita, nikaona darasa hilo la dhahabu lilikuwa likianguka mtihani karibu lote.

Bi Rukia alikuwa ameanguka mara mbili. Sheria ya chuo ilikuwa wazi: mtu hufanya somo mara tatu, na akianguka ya tatu hufutiwa digrii nzima, hata kama mengine yote ameyapita. Yeye mengine yote alikuwa ameyapita. Lilibaki hili moja na nafasi moja.

Nilitaka kujua kasoro iko wapi, kwa hiyo Jumamosi ya kwanza ya mwaka wangu nilifanya jambo dogo. Nilimwomba Bi Rukia aniambie maana ya mfuatano wa namba kuwa na kikomo. Akaisoma vizuri sana. Kisha nikaandika ubaoni moja, hasi moja, moja, hasi moja, na kuendelea hivyo bila mwisho, nikasema, "Sasa nionyeshe kwamba huu hauna kikomo." Akautazama ubao, akanitazama mimi, akasema, "Huu haumo kitabuni." Darasa zima likatikisa kichwa kukubaliana naye. Nikabadilisha ile herufi ya Kiyunani ambayo kitabu hutumia kwa umbali mdogo, nikaweka k ya kawaida, nikawaomba wairudie ile maana. Nusu ya darasa ikapotea njia hapo hapo.

Sitaki mtu anielewe vibaya. Kuhifadhi si ujinga, na wanaodharau kuhifadhi wengi wao hawajui kitu chochote kwa moyo isipokuwa namba zao za simu. Katika madrasa za Mji wa Kale mtoto huhifadhi matini kwanza, halafu maalim hukaa naye akaifungua neno kwa neno, akaigeuza juu chini, akamuuliza. Darasa letu lilikuwa na nusu ya kwanza ya desturi hiyo na halikuwa na ya pili. Na kile kitabu cha kijani kiliwasaidia kukosea. Mwandishi wake alikuwa amehangaika miaka, kisha akafuta nyayo zote za kuhangaika kwake, akaacha mistari mitano mizuri. Kitu kizuri namna ile ukimpa mtu wa Kuze, atakihifadhi tu. Angeweza kufanya nini kingine?

Nikatangaza kwamba nitabadilisha kitabu. Bi Rukia alingoja wenzake washuke ngazi, isipokuwa Hamisi, karani wa forodha, aliyekuwa akitafuta kiatu chake mlangoni na hakuonekana kuwa na haraka ya kukipata.

"Mwalimu Kazungu, nakuheshimu," Bi Rukia akaanza, na mimi nikajua mvua inakuja. "Lakini mimi kitabu hiki n'shakihifadhi nusu na zaidi. Leo waniambia nianze upya?"

"Ndiyo, Bi Rukia. Kwa sababu umekihifadhi."

"Sikiza. Wewe ukikosea, mwakani utakuwa papo hapo ubaoni na chaki yako. Mimi nikikosea n'shaondoka. Waijua tofauti hiyo?"

"Naijua."

"Huijui. Kule skuli nna wasichana wa kidato cha tatu na cha nne, wasomeshwa hesabu na mwalimu wa jiografia. Wa jiografia, Mwalimu! Mkuu wetu asema hawezi kunipa mimi mpaka nilete digrii. Wasichana hao n'mewasomesha tangu kidato cha kwanza, nawajua kichwa kwa kichwa. Kila mwaka nawaona wakiharibika. Usinichezee."

Nilikuwa mgeni pale kituoni, na ni kweli kwamba mimi sikuwa na cha kupoteza. Nilimwambia simchezei, na kwamba sitamlazimisha.

"Basi nionyeshe," akasema. "Leta hicho kitabu chako nikipime. Nikiona kweli, n'takifuata. Nisipoona, utaniacha na changu."

"Haki hiyo," Hamisi akasema kutoka mlangoni, kiatu mkononi.

Tatizo ni kwamba sikuwa na kitabu. Nilikuwa na hasira tu ya kukikataa kile cha kijani. Nikaenda kwa Bwana Taibali, Mhindi wa Kibohora aliyekuwa na duka la vitabu kwenye njia ya kwenda Mwembe Tayari. Aliagiza vitabu vya nje mara moja tu kwa mwaka, na kwa hiyo chochote nitakachochagua kingekuwa chetu mpaka mtihani.

"Fikiri sana, Mwalimu," akanionya. "Kitabu changu kikishapanda meli hakirudi."

Alinipa kile ambacho vyuo vingi vilikuwa vikikisifu, kinene, kina michoro ya rangi na maelezo marefu ya upole. Nikakichukua kwa majaribio. Nilipokuwa nikiondoka nikaona katika kasha moja, chini ya atlasi zilizoliwa na mende, kitabu kikuukuu ambacho mwalimu fulani Mzungu alikiacha alipokuwa akirudi kwao. Nikakifungua. Ndani yake mlikuwa na maana za maneno, kisha madai, na chini ya kila dai neno moja: thibitisha. Pengine palikuwa na dokezo la mstari mmoja. Uthibitisho wenyewe haukuwamo, si mbele, si nyuma, si popote.

"Hicho nilidhani kimechapwa vibaya," Bwana Taibali akasema. "Nilitaka kuwaandikia waliokichapa."

Jumapili mke wangu alitaka kupunga upepo wa bahari kule Mama Ngina, tukaenda. Alikula mihogo yake ya kukaanga na ya kwangu pia, kwa sababu mimi nilikuwa nimekiinamia kile kitabu na sikusikia nilichoulizwa. Kilinikasirisha na kunikamata. Kila dai nilijua jibu lake, na kila mara nilipojaribu kulisema bila kuazima maneno ya kitabu kingine, nilijikuta nababaika. Mimi, mwenye shahada! Nikajua nimepata mtihani wangu, ila sikujua kama nimepata kitabu.

Hapa nitawapa njia ambayo sikuiacha tena kazini, na ndiyo mliyoniuliza. Usichague kitabu kwa kukisoma wewe. Wewe unalijua somo, kwa hiyo kila kitabu kitakufurahisha au kukuudhi kwa sababu zisizomhusu mwanafunzi. Chukua dai moja lililomo katika vitabu vyote unavyovifikiria. Mketishe mwanafunzi mmoja, asiwe hodari wala asiwe mzembe, asome dai hilo katika kila kitabu. Kisha funga kitabu, umwambie akueleze. Usimsaidie. Sura yake itakwambia zaidi ya utangulizi wa mwandishi.

Jumamosi iliyofuata Bi Rukia alikaa mbele ya wenzake na vitabu vitatu. Dai nililochagua linasema hivi: mfuatano unaopanda na haushuki kamwe, na juu yake pana dari usiyoweza kuipita, lazima una kikomo.

Akaanza na kile kinene. Alisoma kurasa zake zote kwa raha, akikubali kwa kichwa. Nikafunga kitabu. "Eleza." Akasema kimeeleza vizuri sana. "Kimeeleza nini?" Akafikiri, akacheka mwenyewe kwa aibu kidogo. "Kila ukurasa n'meufahamu. Sasa sijui zote pamoja zasema nini." Tukaja kile cha kijani. Hakuhitaji kukifungua; alikisoma kwa moyo, kama kawaida yake. Nikamuuliza kwa nini mwandishi ametaja dari ya chini kabisa kuliko dari zote, na si dari yoyote tu. Akasema, "Ndivyo alivyoandika."

Cha tatu akakifungua, akaliona dai, akaona neno moja chini yake na dokezo la kuitazama dari ya chini kabisa. Akakigeuza kutafuta nyuma.

"Mwalimu, kitabu hiki hakina kitu."

"Kina dai."

"Na ushahidi wake?"

"Ni wewe."

Alikasirika, na sikumlaumu. Akainuka, akachukua chaki. Akachora mstari kwenye ubao, akaufuta. Akachora nukta zinazopanda, na juu yake mstari mwingine, akausogeza chini, akausogeza tena mpaka ukakaribia kuzigusa. Halafu akaanza kusema, si kwetu, na si kwa Kiingereza.

"Hii ndiyo ya chini kabisa. Haishuki tena. Kwani haishuki kwa nini? Kwa sababu nikiishusha hata kidogo, pana mtu atagonga kichwa. Na huyo akishagonga, wote walioko nyuma yake wako juu zaidi, kwa sababu hapana anayeshuka. Kwa hivyo wagonga wote. Na juu ya dari hapana anayepita. Basi wote wamebanwa pale pale, katikati." Akageuka na chaki mkononi. "Hata niishushe kidogo namna gani. Wote wamebanwa. Si ndiyo kikomo hicho?"

Hamisi ndiye aliyepiga makofi kwanza. Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa meza, na naomba mniamini nikisema kwamba katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kufurahi kuliko dakika ile. Yalikuwa yale yale ya kile kitabu cha kijani, mistari mitano ile ile, ila sasa yalikuwa na mwenyewe.

Bi Rukia hakufurahi kama mimi. Aliitazama saa ya ukutani. "Dai moja, na alasiri yote imekwisha. Kwa mwendo huu mtihani utatukuta hapa hapa chini ya dari." Akafunga kitabu, akakipangusa vumbi la chaki. Kisha akasema, "Agiza hiki."

Mwaka ule ulikuwa mgumu. Niliweka sharti kwamba hapana karatasi mbele ya ubao. Mtu huja na chaki na alichonacho kichwani, na wenzake wana ruhusa ya kumhoji. Hamisi alihoji kama alivyohoji watu forodhani. "Fungua hapo nione kilichomo," alikuwa akisema kila mtu alipotamka "ni dhahiri", na mara nyingi hakikuwamo kitu. Baadhi ya wanafunzi walituacha, wakasema hawakulipa ada waje kujifundisha wenyewe, na kusema kweli hoja yao haikuwa mbovu. Ramadhani ilipoingia tulihamia asubuhi. Tulikwenda polepole kupita kiasi. Bwana Mwakio aliandika kutoka Taita kunipa pole, ingawa sikuwa nimefiwa.

Niliogopa. Kila nilipomwona Bi Rukia akipanda ngazi na mkoba wake nilikumbuka kwamba nafasi ile ilikuwa yake na ubishi ule ulikuwa wangu. Ila kila Jumamosi alikuja. Siku moja, bila kuulizwa, aliuandika ule mfuatano wa moja na hasi moja. "Huyu yuwaenda moja, arudi hasi moja, hachoki," akasema. "Anayedai ana kikomo na anionyeshe kiko wapi. Nampa nafasi ya nusu upande huu na nusu upande huu. Moja na hasi moja ziko mbali mno, haziwezi kuingia zote ndani ya nafasi hiyo, na yeye hana ruhusa ya kuiacha hata moja nje, kwa sababu zote mbili zarudi na kurudi. Basi hana." Akaketi kana kwamba amerudisha sufuria ya watu.

Hatukuumaliza muhtasari wa somo. Siku ya mtihani nilikuwa nje ya jengo, nikijifanya napita. Bi Rukia alitoka amechoka, amekunja uso.

"Swali la kwanza sijapata kuliona," akaniambia.

"La pili?"

"Hilo nalo sijapata kuliona."

"Ikawaje?"

"Nikakaa nalo. Ningefanyaje?"

Matokeo yalikuja na basi la mchana, nami nikayafuata mwenyewe kwenye stendi ya Mwembe Tayari, nikaifungua bahasha katikati ya wauzaji maji na makuli. Alikuwa amepita. Hakupita kwa kishindo; alipita kwa alama za mtu aliyeacha maswali mawili matupu na kuyajibu mengine kikamilifu. Nilienda moja kwa moja mpaka Kuze, nikapiga hodi nikiwa bado nahema. Alipoisoma karatasi alikaa chini kwenye kizingiti, akajifunika uso kwa mtandio, akalia. Kisha akainuka na kusema Ijumaa hiyo hiyo ataipeleka karatasi ofisini kwa mkuu wa shule. Mwalimu wa jiografia alirudishiwa jiografia yake, na nasikia alishukuru sana.

Miaka michache baadaye nilihamishiwa chuo kingine ng'ambo ya daraja, nikamwachia Bi Rukia darasa la Jumamosi, pamoja na ufunguo, dasta na kitabu. Nilimwambia kwa majivuno kwamba kitabu hicho hakina hofu ya kuhifadhiwa, kwa sababu hamna humo cha kuhifadhi. Akaniambia ahsante, Mwalimu.

Karibu na mwisho wa miaka ile ya tisini, Jumapili moja, alinijia nyumbani na mkoba mzito. Mke wangu alimkaribisha chai. Hakuigusa.

"Kile kitabu n'mekiacha," akasema.

Niliumia, sitaficha. Nilimuuliza kimemkosea nini.

"Jana n'lisimamisha kijana mmoja wa mwaka huu, mgeni kabisa. Nikamwambia thibitisha. Akatazama ukuta, akavuta pumzi, akathibitisha, hakusita pahali. Nikasimamisha wa pili, yale yale. Wa tatu, yale yale, na mkato ule ule. Nikawauliza mwayatoa wapi? Wakanionyesha. Wale wa mwaka wetu walikuwa wakinakili ubao, Mwalimu, wewe na mimi hatuna habari. Nakala zao zimepigwa fotokopi, zimetiwa gamba, zauzwa hapo chini mlangoni. Jina langu liko juu." Akaweka mikono juu ya meza. "Walikuwa wanisomea mimi uthibitisho wangu mwenyewe. Na pale nilipokosea siku ile, wakakosea nami wote, kwa sauti nzuri."

Sikujua nicheke au nilie, na yeye hakunipa muda wa kuchagua. Aliufungua mkoba akatoa vitabu vinne, vipya, bado vina harufu ya duka la Bwana Taibali, akavipanga mbele yangu, akasogeza kando kikombe cha chai.

"Dai gani?" akaniuliza.